Mwalimu, irudishe ile insha

Insha ilipata 8 kati ya 20. Ilikuwa na mistari 22 ya Kiingereza, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeigusa mara 31. Mwandishi wake alikuwa msichana wa kidato cha tatu katika shule moja ya kata pembezoni mwa Jiji la Mwanza, mtoto wa mama anayeanika dagaa ufukweni. Mada niliyoandika ubaoni ilikuwa umuhimu wa samaki katika jamii. Naye akaandika kwamba samaki ni muhimu sana katika jamii yetu, kwamba samaki wana protini, kwamba serikali iendelee kuelimisha wananchi kuhusu umuhimu wa samaki. Karibu darasa zima liliandika hivyohivyo, kwa mpangilio uleule, wengine hadi kwa makosa yaleyale ya herufi, kwa sababu desa lilikuwa moja. Binti aliyekuja shuleni na magamba ya dagaa yamenasa kwenye mkoba wake hakuwa na dagaa hata mmoja ndani ya insha yake.

Nilimrudishia daftari. Akatazama alama, akalifunga, akalisukumia chini ya dawati. Kesho yake tukaingia mada nyingine.

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi kandokando ya Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha hivyo. Insha inaandikwa mara moja, inasahihishwa mara moja, inazikwa. Sikuona tatizo, maana nami nilifundishwa hivyohivyo.

Lakini neno tunalolitumia lenyewe linatushtaki. Tunasema mwalimu anasahihisha daftari. Kusahihisha ni kufanya kitu kiwe sahihi. Daftari linapotoka mezani kwangu halijawa sahihi hata kidogo. Makosa 31 yako palepale yalipokuwa, ila sasa yamezungushiwa duara. Tulipokuwa shule ya msingi jambo hili tulilijua vizuri zaidi. Ukikosa hesabu, ulifanya masahihisho. Ukikosa imla, uliandika neno lile tena mara tano ndipo uende nyumbani. Insha peke yake, ambayo ni ngumu kuliko vyote hivyo, ndiyo tuliyoamua kwamba mtoto ataiandika mara moja na kuiacha ilivyo.

Sababu inafahamika, wala si uvivu. Chukua mwalimu mwenye mikondo minne, kila mkondo wanafunzi 60. Hayo ni madaftari 240. Akilipa kila daftari dakika tano tu, insha moja itamla saa 20, nje ya vipindi, nje ya maandalio, nje ya zamu. Mwalimu huyo akiambiwa kila insha iandikwe mara tatu, atakuuliza kama unamtakia mema. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo. Kilichonibadilisha ni Waingereza waliokufa zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Zama za Kati ziliingia darasani bila kupangwa. Muhtasari wetu hauna habari nazo. Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanasoma akina Chinua Achebe, Ngũgĩ wa Thiong'o na Wole Soyinka, na ndivyo inavyostahili. Siombi mtu yeyote aongeze kitabu cha karne ya 14 juu ya mzigo huo. Ilitokea tu Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, mvua imekoma, wanafunzi wamechoka na mimi nimechoka, nikaamua kuwasimulia hadithi. Nikawasimulia Geoffrey Chaucer.

Niliwaambia hivi. Mtu huyu alizaliwa London miaka ya 1340, wakati Ibn Battuta tayari alikwisha kufika Kilwa, mwaka 1331, na kuusifu mji wetu wa pwani. Katika nchi ya Chaucer wakubwa walisema Kifaransa, makasisi waliandika Kilatini, na Kiingereza kilikuwa lugha ya mkulima, mpishi na mchunga kondoo. Hali hiyo ilianza mwaka 1066, Wanormani walipovuka bahari na kuitwaa Uingereza. Ukipelekwa mahakamani, kesi yako iliendeshwa kwa Kifaransa. Ulisimama pale ukisikiliza watu wakiamua habari za shamba lako kwa lugha usiyoijua. Mwaka 1362 Bunge lao likapitisha sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa wananchi hawakielewi Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, kumbe nao!" Hakuhitaji kuendelea. Watoto hawa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha asubuhi moja ya kidato cha kwanza wakakuta fizikia, historia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Nikawakumbusha kwamba hapa kwetu ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kati ya 1362 na 2021 ni miaka 659. Nadhani ile ndiyo siku darasa lile lilipoacha kukiogopa Kiingereza kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa kimekamilika. Waliona kwamba nacho kiliwahi kudharauliwa kwao.

Basi Chaucer, aliyejua Kifaransa na Kilatini, akachagua kuandika kwa lugha ya mpishi. Hadithi yake inaanzia kwenye nyumba ya wageni huko Southwark, kusini mwa Mto Thames. Mahujaji 29 wamekutana wakielekea Canterbury, kwenye kaburi la Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170. Mwenye nyumba anawapa shauri. Njia ni ndefu, kila mmoja asimulie hadithi, na atakayeshinda atalipiwa chakula cha jioni. Yumo askari wa farasi aliyerudi vitani. Yumo msaga nafaka mwenye kelele. Yumo mwanamke wa Bath aliyekwisha kuolewa mara tano, naye ana mengi ya kusema kuhusu waume. Yumo pia mtu anayeuza msamaha wa dhambi, amebeba mifupa ya nguruwe kwenye kichupa na kuwaambia wanavijiji kuwa ni mifupa ya watakatifu. Huyo darasa lilimtambua mara moja, bila mimi kuongeza neno.

Ndipo nikawapa kazi. Msafara wetu si wa farasi kwenda Canterbury. Ni meli kutoka Mwanza kwenda Nansio, saa tatu majini, Jiwe la Bismarck likibaki nyuma na kisiwa cha Ukerewe kikikaribia. Kila mwanafunzi amlete abiria mmoja, amweleze kwa Kiingereza ili sisi wengine tumwone.

Insha za kwanza zilikuwa mbaya. Abiria wote walikuwa wazuri, warefu, wachapakazi na wenye heshima. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaishika, kisha nikaiweka chini. Nilikuwa nimekumbuka jambo jingine la Zama za Kati.

Wakati huo vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Ngozi ya ndama au kondoo ililowekwa kwenye chokaa, ikaparuliwa, ikawambwa hadi ikauka nyembamba. Wanafunzi wangu wengi ni Wasukuma, na habari ya ngozi huwezi kumdanganya Msukuma. Wakataka kujua kitabu kimoja kinamaliza wanyama wangapi, nikawaambia Biblia nzima ingeweza kumaliza ngozi za wanyama zaidi ya 100. Walipiga mluzi. Sasa, ukikosea juu ya ngozi huwezi kuchana ukurasa. Unachukua kisu, unaparua wino mpaka neno litoke, unaandika upya palepale. Chaucer ana shairi fupi analomlalamikia mnukuzi wake aitwaye Adam, kwamba kwa sababu ya haraka za Adam yeye mwenyewe inambidi asugue na kuparua kazi yake upya. Tazama basi: baba wa ushairi wa Kiingereza, ameshika kisu, anaparua makosa.

Na hakuwa peke yake. William Langland, aliyeishi wakati huohuo, aliandika shairi refu kuhusu mkulima aitwaye Piers. Akarudi akaliandika upya, refu zaidi. Kisha akarudi tena. Shairi lile limetufikia katika sura tatu, ambazo wataalamu wanaziita A, B na C, na kati ya sura ya kwanza na ya mwisho ilipita takribani miaka 20. Mtu alitumia nusu ya utu uzima wake kuandika kitu kimoja mara tatu.

Nikaandika herufi hizo tatu ubaoni. Nikawaambia insha zenu ni A. Hakuna alama. Tunakwenda B.

Kwa yule binti sikuzungushia kosa hata moja. Abiria wake alikuwa mama anayepeleka dagaa sokoni, mwema na mchapakazi kama abiria wote. Pembeni niliandika swali moja tu: mama huyu anajuaje kuwa leo hatapata hela? Akaja mezani kwangu wakati wa mapumziko.

"Shikamoo, mwalimu. Sijaelewa swali."

"Marahaba. Mama yako anajuaje siku itakuwa mbaya?"

Akajibu papo hapo, kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wavuvi wakiwavuta kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi inalala nchi kavu, na mama hana cha kuanika. Kwa hiyo mama hahesabu siku kwa kalenda, anahesabu kwa mwezi. Na wakipatikana, anaangalia mawingu. Dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa, wanaharibika, wanaishia kuwa chakula cha kuku, bei inaanguka hapo hapo. Akasema michango ya shule ikidaiwa wakati wa mbalamwezi mama huwa mkali nyumbani, na wao watoto wanajua sababu, hawamuulizi.

Nikamwambia, "Hayo ndiyo uandike."

Alinitazama kama ninayemtania. "Mwalimu, hayo nayo yanaandikwa?"

Swali lile sijalisahau. Miaka kumi darasani, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yale anayoyajua yanaandikwa. Tulikuwa tumemfundisha kwamba insha ni maneno ya watu wengine yaliyopangwa vizuri.

B yake ilikuwa na makosa mengi kuliko A. Hili naomba walimu wenzangu walizingatie, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokata tamaa. Desa lina sarufi safi kwa kuwa limesafishwa na mtu mwingine. Mtoto akianza kusema jambo lake mwenyewe kwa lugha ya tatu, vitenzi vinaanguka kila upande, nyakati zinachanganyika, sentensi moja inajaza ukurasa. Lakini mama alikuwa anaonekana. Alikuwa amesimama ufukweni, mkono juu ya paji la uso, anatazama wingu upande wa Ukerewe. Hapo sasa sarufi ilikuwa na kazi ya kufanya. Alipokuja na C alikuwa ameuliza mwenyewe jinsi ya kusema jambo linalotokea kila mara na jambo lililotokea jana, kwa sababu alihitaji kutofautisha mvua za kila msimu na mvua ya siku ile moja. Mada hiyo nilikwisha kuifundisha mara mbili mwaka ule, na majedwali ubaoni. Haikuwahi kuingia kama ilivyoingia siku hiyo.

Alipata 15. Sehemu moja bado ilikuwa na sentensi isiyo na kitenzi. Niliiacha.

Mwalimu wa taaluma aliniita. Alikuwa na hoja nzito: muhtasari hautaisha, mtihani wa taifa unakuja, wenzako wamefika mbali. Nilichokifanya ni kupunguza. Badala ya insha nane kwa muhula, tatu tu, kila moja mara tatu. A wanasomeana wenyewe wawili wawili, kwa sauti, msikilizaji anaandika swali moja pale alipopotea. Mimi siigusi. B naisoma bila kutoa alama. C ndiyo ninayoisahihisha kwa kalamu nyekundu, na hapo nayo natafuta aina tatu za makosa, si zote. Saa zangu hazikuongezeka. Na koridoni ikaanza kusikika lugha mpya: "Mimi bado niko B." "Yako hiyo ni A, rudi ukaparue." Langland hakuwahi kufikiri kwamba herufi zake zitafika Mwanza.

Kuna wanaouliza kwa nini nimwendee Mwingereza wa kale kujifunza jambo hili. Swali ni la haki, na jibu lake liko kulekule ilikoelekea ile meli ya kwenye insha.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Machunda, mtawala wa Ukerewe. Alisoma kwa wamisionari Kagunguli, kisha seminari ya Rubya huko Bukoba. Alijua Kikerewe, Kiswahili, Kilatini na Kijerumani. Kama Chaucer, aliyejua lugha za wakubwa akachagua ya nyumbani, Kitereza naye alichagua Kikerewe, na mwaka 1945 akakamilisha riwaya kubwa kuhusu Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, watu wanaopendana na hawana mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumrudisha, anatozwa pombe ya ndizi, wanahangaika kwa waganga, na hatimaye wanapatikana Ntulanalwo na Bulihwali. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, matanga, dawa, adabu za kumkaribisha mgeni, yote kwa undani ambao hakuna mtafiti aliyewahi kuufikia.

Hakuna aliyekubali kuichapa. Lugha ilikuwa na wasomaji wachache mno. Muswada ukakaa miaka na miaka. Wale wanaolifahamu shairi la Beowulf watakumbuka kwamba limebaki katika muswada mmoja tu duniani, na kwamba mwaka 1731 nyumba ulimohifadhiwa iliungua, ukaokolewa kingo zake zikiwa zimebabuka. Kitabu cha Kitereza nacho kilikuwa umbali wa paa moja linalovuja kutoka kusahaulika kabisa.

Na yeye alifanya nini? Alirudi ukurasa wa kwanza. Akiwa mzee, akaiandika upya riwaya yote kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, vitabu viwili. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia mkononi. Baadaye Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, akaifasiri kutoka Kikerewe hadi Kiingereza, na toleo hilo likatoka mwaka 2002.

Upande wa mashariki wa ziwa, Butiama, kuna mfano mwingine ambao walimu tunausahau. Julius Nyerere alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Kisha yakaja maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, Muungano Aprili mwaka huohuo, Azimio la Arusha mwaka 1967. Mtu mwenye shughuli hizo angekuwa na kila kisingizio cha kuiacha kazi ilivyo. Mwaka 1969 likatoka toleo lililosahihishwa, na hata jina limebadilika: Juliasi Kaizari. Alikuwa amerudi kwenye sentensi zake mwenyewe, akaziparua. Ninapowaonyesha wanafunzi majina hayo mawili ubaoni, moja chini ya jingine, hakuna anayeniambia tena kwamba kuandika upya ni adhabu ya wasiojua.

Euphrase Kezilahabi naye alitoka Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi hapahapa Mwanza, na mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika. Ufukwe huu umezaa waandishi. Umewazaa kwenye shule zilizokuwa na vitabu vichache kuliko zetu.

Kwa hiyo nina ombi, na ninalitoa kwa heshima kwa walimu wenzangu wa Kiingereza, wa Kiswahili pia, kuanzia Magu hadi Sengerema, Ilemela hadi Ukara. Najua rundo la madaftari liko mezani kwako Jumapili hii. Usilimalize lote. Chagua mkondo mmoja, insha moja. Weka kalamu nyekundu kando, soma hadi mwisho, kisha andika pembeni swali moja unalotaka kweli kujua jibu lake. Usitoe alama. Jumatatu asubuhi mrudishie mtoto, umwambie hiyo ni A.